Nafasi ya Mshono

Ramani niliichapisha stesheneri kwa shilingi mia tano,
wino ukaishia njiani, bahari ikatoka kijivu.
Nikaitandaza juu ya meza ya kukatia,
nikaikandamiza kwa mkasi na sahani ya vifungo,
nikachukua futi.

Uwanja wa ndege huu hapa. Niliutia chaki.
Magharibi yake Al Khoudh,
kwa Mundhir, mtoto wa baba.
Mashariki barabara kubwa inanyooka kama pindo,
Azaiba, Ghubra, Khuwair, Qurum,
kisha inajikunja kwenye milima
hadi Ruwi, hadi Matrah.

Nyamizi, aliyekuja kuchukua gauni, alisema Matrah:
amesikia kuna ubani na upepo wa bandarini.
Nikaangalia bei. Kumbe upepo nao unalipiwa.
Qurum hulala wenye masanduku ya magurudumu manne;
langu lina mawili, na moja linaburura mguu.
Khuwair nusura inipate, maana iko katikati,
lakini katikati ni pa mtu
ambaye hajaamua kununa wala kusamehe,
na mimi nilikuwa nimeshaamua kununa.

Mundhir alituma sauti:
"Nyumba ipo, dada. Chumba cha baba kipo."
Niliisikiliza mara saba, mguu juu ya pedeli.
Chumba cha baba!
Baba aliyetuachia Tabora
cherehani moja na jina refu.
Mgeni siku ya tatu hupewa jembe;
kule hakuna shamba,
sijui ningekabidhiwa nini.

Nikajibu: Hoteli nimeshalipa.
Sikuwa nimelipa.
Nililipa usiku uleule,
uongo usije ukalala na njaa.

Ruwi, basi. Inchi nne kasoro robo kutoka mlangoni kwake.
Ukikata kitambaa sawasawa na mwili
nguo haivaliki.
Lazima uache nafasi ya mshono.

*

Saa kumi na moja alfajiri mlango wa kioo ukafunguka,
joto likanishika uso kama shangazi asiyeona vizuri.
Teksi: riali kumi na mbili.
Nikazigeuza kichwani: sare nane za shule, na vifungo vyake.
Nikakaa juu ya sanduku.

Mfagiaji, kifuani ameandikwa Shafiqul,
alinielekeza kwa ufagio:
basi, jekundu, kule, ngoja.
Lugha hatukuwa nayo. Ufagio ulitosha.

Ndani ya basi baridi kama bucha.
Nje nyumba nyeupe, nyeupe, nyeupe,
mji mzima umekatwa kwenye jora moja.
Nikatafuta mti wa kuwekea alama ya njia ya kurudi;
milima haikuwa na hata jani.
Nikahesabu madaraja.
Baada ya la kumi na moja nikasinzia.

Chumba 307. Shuka imeungua pasi pembeni.
Dirisha linatazama uchochoro,
na ng'ambo, shata imeinuliwa nusu,
mzee wa miwani anashona kanzu, mgongo kwangu.
Nikasikiliza.
Cherehani yake ina ugonjwa wa yangu:
hatua tatu, inaruka uzi. Hatua tatu, inaruka.
Nilicheka peke yangu, viatu bado miguuni.

Ndipo nikamwandikia Mundhir:
Nimefika. Chini wanauza chai ya maziwa, nakukaribisha.
Mgeni ni wewe, na leo ni siku ya kwanza.
Njoo na kanzu yake moja,
nione mabega yake yalikuwa na upana gani.

Akasoma.
Akawa anaandika. Akaacha.
Akaandika tena, akaacha,
mzee wa ng'ambo akamaliza mkono mmoja wa kanzu.

"Dada," ikaja,
"mbona umekaa mbali hivyo?"

Futi ilikuwa shingoni bado,
nimesafiri nayo toka Tabora bila kujua.

Si mbali, nikamjibu.
Inchi nne kasoro robo.